Chanzo, Ushahidi na Mapokeo: Istilahi za Kazi za Muhula katika Shahada ya Historia

Anayepanga kozi ya historia kwa wanachuo wa shahada ya kwanza huandika mambo machache tu: mada za kila juma, vitabu vya kusomwa, kazi ambazo mwanachuo atazifanya katika muhula, na alama zitakazotolewa kwa kila kazi. Mpango huo ukiandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo somo hili bado hufundishiwa katika vyuo vikuu vyetu, mwandishi wake haoni taabu ya maneno. Ukiandikwa kwa Kiswahili, hukwama katika ukurasa wa kwanza. Hatusemi hivyo kwa kukidharau Kiswahili. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970 na imefundisha shahada kwa lugha hii kwa zaidi ya nusu karne, na leo hakuna anayeuliza kama isimu au fasihi vinaweza kufundishwa hivyo. Tunasema hivyo kwa sababu istilahi za historia zimeachwa zimee zenyewe, kila mwalimu akichuma aliloliona karibu.

Jambo hili lilikuwa la wataalamu peke yao mpaka shule zilipoanza kufundisha Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili. Sasa kijana aliyesoma historia kwa Kiingereza miaka mitatu chuoni hupangiwa shule Katesh au Dongobesh, na siku ya kwanza darasani hutakiwa aseme kwa Kiswahili yale aliyoyaandikia insha kwa Kiingereza. Hutafsiri papo kwa papo. Anayemsikiliza huchukua tafsiri hiyo kuwa ndiyo historia yenyewe. Kwa hiyo tunaona ni halali kuhoji maneno ambayo kijana huyo anapewa, au hapewi, katika kazi zake za muhula.

Tuanze na neno lililo zito kupita yote, nalo ni «chanzo». Katika miongozo na vitabu vya shule neno hili hufanya kazi mbili. Huitwa chanzo kile ambacho mwanahistoria hupata habari kwacho: waraka, barua, masimulizi, masalia ya kale. Huitwa chanzo pia kile kilichosababisha tukio. Basi swali likisema, «Jadili vyanzo vya Vita vya Maji Maji», mwanachuo mmoja ataandika juu ya kodi, pamba na mateso ya maakida. Mwenzake ataandika juu ya majalada ya Wajerumani na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanachuo wa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Wote wawili wamejibu swali. Msahihishaji atampa mmoja sifuri, na kosa si la mwanachuo.

Wapo watakaosema kuwa muktadha hutosha kutenganisha maana. Katika mazungumzo ya kawaida, ndiyo. Katika mtihani na katika mpango wa kozi, hapana, kwa kuwa kazi ya istilahi ni kumwondolea msomaji mzigo wa kukisia. Sisi tungependa «sababu» na «chimbuko» vichukue maana ya kilicholeta tukio, na «chanzo» kibaki na maana ya mahali habari inapopatikana. «Ushahidi» liwe neno la tatu, lisilo sawa na chanzo: jalada lililolala katika rafu za Nyaraka za Taifa ni chanzo; huwa ushahidi pale mwanachuo anapolichota na kulitumia kuthibitisha au kukanusha hoja. Kozi isiyotenga mambo haya mawili huzaa insha ambazo ni orodha ya vyanzo vingi visivyothibitisha chochote.

Kuhusu jina la kazi zenyewe hatuna haja ya kukaa sana. Wengine husema «kazi za kozi», wengine «kazi za muhula», wengine «tathmini endelevu». Hili la mwisho lilikuwa na maana nzuri siku zilizofuata Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka juhudi ya mwaka mzima ipewe uzito badala ya kutegemea mtihani mmoja wa mwisho. Lakini «endelevu» limekwisha kutekwa na wanamazingira na wachumi, na tathmini endelevu leo husikika kama tathmini isiyochafua hewa. «Kazi za muhula» linatosha. Vivyo hivyo tungemshauri mpangaji wa kozi asitumie «kipindi» kwa saa ya mhadhara na papo hapo kwa zama za utawala wa Wajerumani. Lugha ina «enzi» na «zama», na yote mawili yanafaa.

Penye ugumu wa kweli ni pale mwanachuo anapotumwa kukusanya habari kwa wazee. Tuchukue mfano wa mwanachuo anayetoka Mbulu au Hanang, anayerudi nyumbani likizo akiwa na kazi ya kuandika historia ya kata yake. Eneo hili ni darasa kamili kwa mwanahistoria. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga, ambacho Wabarabaig ni sehemu ya wasemaji wake, ni ya Kiniloti. Wanyiramba na Wanyaturu walio jirani husema lugha za Kibantu. Na katika bonde la Yaeda wapo Wahadza, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Nyaraka zake nazo zimetawanyika. Anayetafuta jina «Manyara» katika majalada ya zamani hatapata wilaya zake, kwa sababu mkoa huo uliundwa mwaka 2002 kutoka Mkoa wa Arusha, na wakati wa Waingereza Mbulu ilikuwa katika Jimbo la Kaskazini.

Mwanachuo huyu ataandika nini juu ya karatasi yake: masimulizi, mapokeo, hadithi, au ushuhuda? Tumeona maneno haya yakibadilishana nafasi ndani ya aya moja. Mwalimu wa Kiswahili alimfundisha kidato cha tatu kwamba yote yasemwayo kwa mdomo juu ya zamani ni fasihi simulizi, nayo hugawanyika katika ngano, visasili na visakale. Basi mzee wa Kiiraqw akimweleza habari za Ma'angwatay, nchi ambayo mababu walikimbia kabla ya kufika walipo, kijana ataandika «kisasili» na kufunga daftari. Mzee yule yule akieleza jinsi nyumba zilivyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji kati ya mwaka 1974 na 1976, kijana ataandika tena «masimulizi». Mambo mawili yasiyofanana yamewekwa kapu moja. La kwanza limepita vinywa vya vizazi vingi, na kila kizazi kimeliacha na alama yake. La pili mzee aliliona kwa macho, na pengine alibeba kuezeka kwa nyumba yake kichwani.

Jan Vansina, ambaye kitabu chake juu ya jambo hili kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1961, alisisitiza tofauti hiyo: kinachorithishwa kutoka kizazi hadi kizazi si sawa na kumbukumbu ya aliyeshuhudia. Kiswahili kinayo maneno yake tayari. Tuite cha kwanza «mapokeo» na cha pili «ushuhuda», na mpango wa kozi umtake mwanachuo aonyeshe kila kauli iko upande gani. «Masimulizi» libaki neno la jumla kwa yote yasemwayo. «Hadithi» tuliache kwa wanafasihi. Mwanachuo akimwambia mzee, «Nimekuja kuchukua hadithi zako,» amekwisha kumwambia kwamba haamini.

Majina ya watu nayo yanadai uangalifu ambao wafasiri wengi hawautoi. Majalada ya kikoloni yamejaa «Wambulu» na «Wamang'ati». La kwanza ni jina la mji lililovishwa watu. La pili ni neno ambalo Wamasai waliwaita Wadatoga, na maana yake ni adui. Mwanachuo anayenakili jina hilo katika insha yake bila neno la tahadhari anaendeleza ugomvi wa watu wengine. Wengine, kwa kutaka tahajia ya Kiswahili isiyo na herufi «q», hupendekeza «Wairaki». Nao wamewahamishia Baghdad. Tunashika msimamo kwamba katika maandishi ya historia jina «Wairaqw» liandikwe kama wenyewe wanavyoliandika, hata kama herufi hiyo haimo katika alfabeti yetu. Neno jingine la Kiiraqw litamchekesha msahihishaji: «aya», yaani nchi ya watu wanaoishi pamoja na kushiriki matambiko ya ardhi yao. Katika insha ya Kiswahili lisipowekewa alama, msomaji atadhani mwandishi anazungumzia mafungu ya maandishi.

Kila aya ilikuwa na kahamusmo, msemaji wa wazee katika mabaraza. Mfasiri mwenye haraka humwita «chifu». Hapo historia nzima hupinduka, kwa maana utawala wa chifu mmoja juu ya nchi yote uliimarishwa na wakoloni, ambao walihitaji mtu wa kupokea amri na kukusanya kodi. Ukimwita kahamusmo chifu, umewafanya Wajerumani na Waingereza waonekane kama walikuta uchifu huo na kuuheshimu. Qwaslarmo naye si «mganga» tu. Wazee walimwendea kwa habari za mvua na ulinzi wa ardhi, na shauri lake liligusa nchi nzima na si mgonjwa mmoja. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba kamusi kubwa ya Kiiraqw, iliyotolewa mwaka 2002 na Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kiessling, inafasiri kwa Kiingereza, hata mwanachuo wa Mbulu hulazimika kupitia lugha ya tatu ili alipeleke neno la bibi yake katika Kiswahili. Maneno haya yaachwe katika Kiiraqw, yaelezwe mara moja kwa sentensi kamili, kisha yatumike bila kuombwa radhi.

Tukihamia uwanda wa Hanang, maneno yanagusa ardhi yenyewe. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika eneo la Basotu na viunga vyake, na Wabarabaig wakapoteza makumi ya maelfu ya ekari za malisho yaliyokuwa bora kupita yote. Maandishi ya wakati ule na ya baadaye huwaita «wafugaji wa kuhamahama». Tunalikataa neno hili katika kozi ya historia. Kitenzi kilichorudufiwa hivyo humfanya msomaji aone watu wasio na mahali, wanaozurura. Mfugaji aliyehamisha ng'ombe kwa majira, akijua uwanda upi una nyasi mwezi gani na kisima kipi kina maji, alikuwa na mpango. «Wafugaji wa malisho ya majira» ni refu, lakini ni kweli.

Uzito wa neno ulionekana mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na wakazi wake walishitaki shirika hilo. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu. Miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa walikuwa watu wa namna iliyotajwa na sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyotumia neno la kikoloni kumtenga Mwafrika na wengine. Mwanachuo anayeitumia hukumu hii katika kazi yake ya muhula atalifasirije neno hilo? Akiandika «wenyeji», msomaji atashangaa jinsi mtu wa Mulbadaw anavyotakiwa kuthibitisha uenyeji wake Mulbadaw, na kwa kweli mshangao huo si bure. Akiandika «wazawa», ataingiza mabishano ya kisiasa ya miaka ya 1990 juu ya nani amiliki uchumi. Akiandika «Waafrika», ataikaribia maana ya sheria, lakini ataficha harufu ya dharau iliyokuwamo katika neno la asili. Sisi tungechagua «wenyeji kwa maana ya sheria ya 1923», kila mara kwa kirefu chake, ili sheria ibebe lawama yake yenyewe na neno jema la Kiswahili lisichafuke.

Limebaki neno moja ambalo tungependa wapangaji wa kozi walitazame kabla ya kuchapa karatasi zao. Wabarabaig humjengea mzee mwenye heshima tuta kubwa la mazishi, bung'ed, kwa matambiko yanayochukua miezi mingi, na ukoo huendelea kulitambua mahali lilipo. Malalamiko kwamba matuta hayo yalilimwa na matrekta ya mashamba ya ngano yameandikwa mara nyingi. Karibu kila tafsiri tuliyoisoma husema «kaburi», na katika jedwali la vyanzo kaburi huwekwa chini ya mila na desturi. Lakini bung'ed humwonyesha mtafiti ni ukoo gani ulikuwapo mahali gani na tangu kizazi cha nani, jambo ambalo jalada la bwana shauri mara nyingi halisemi. Katika jedwali la mwanachuo wa Hanang, mahali pake ni safu ile ile ya jalada.