Mwalimu wa Kitalu

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Desemba, shule za msingi zikiwa zinafungwa, na hukatika Aprili. Baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka Desemba nyingine. Mwalimu anayekabidhiwa klabu ya mazingira huku hugundua mapema kwamba mawingu hayasomi kalenda ya wizara. Ili mche uwe tayari kupandwa Januari shule zikifunguliwa, mbegu yake inatakiwa iwe udongoni Agosti, kiangazi kikiwa kimekaza, maji yanatafutwa kwa madumu, na walimu wenzake akili zao zote ziko kwenye mtihani wa Darasa la Saba. Wengi huishia hapo na siwalaumu. Wapo wachache ambao hawaishii hapo, na ufundi wao ndio nataka kuusifu, kwa sababu sijaona mahali unaposifiwa.

Katika mitaala, utunzaji wa mazingira haukosi. Mtaala wa 2016 uliwapa watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili somo zima la Kutunza Afya na Mazingira. Muulize mtoto yeyote mazingira ni nini, atasimama na kukujibu kwa sauti kuwa ni vitu vyote vinavyotuzunguka. Kisha atakaa na kulisukumia ganda la pipi chini ya dawati. Kati ya lile jibu na lile ganda kuna pengo, na kuliziba ni kazi ya mikono.

Ufundi unaanzia kwenye mbegu. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu. Ukiifukia hivihivi inaweza kukaa udongoni muda mrefu bila dalili yoyote, lakini ukiimwagia maji ya moto yaliyotoka kuepuliwa na kuiacha humo hadi kesho yake, huota mapema. Mbegu ya mwarobaini yenyewe haingojwi. Ikikaa wiki kadhaa baada ya tunda kudondoka huanza kupoteza uhai, na ile iliyohifadhiwa kabatini tangu mwaka jana karibu yote ni takataka. Mwalimu wa kawaida huandika mambo haya ubaoni, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Mwalimu wa kitalu anayajua na hasemi. Kundi moja analipa mbegu za mgunga na maji ya moto ya kuzilowekea, kundi la pili analipa kavu, kila kundi linapata tuta lake na kibao chenye tarehe. Basi. Anaondoka zake kusahihisha madaftari.

Kunyamaza huku ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Siku zinapita, tuta moja linaanza kuwa kijani, la pili bado ni udongo mtupu. Watoto wa tuta tupu wanamfuata mwalimu na malalamiko: wenzetu wamependelewa, udongo wetu mbaya, sisi tuko karibu na choo. Wengine wanafukua kuchungulia. Mwalimu anauliza tu walifanya nini wao na mlifanya nini ninyi, na anawaacha wabishane mpaka mmoja wao ayakumbuke yale maji ya moto. Jibu lile lingetoka kinywani mwa mwalimu siku ya kwanza lingeokoa wiki mbili. Yeye anazitoa wiki hizo kwa hiari, katika shule ambayo kila kipindi kinagombaniwa.

Kisha vinakuja viriba, mifuko ya kukuzia miche. Kujaza viriba ni kazi inayodharauliwa, na ndiyo inayoamua mche utaishi au hautaishi. Udongo wa juu uliochotwa chini ya miti unachanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Unyevu hupimwa kwa ngumi: ukifinya udongo ushikane, ukiugusa kwa kidole umeguke. Kiriba kinashindiliwa taratibu pasibaki uwazi ndani. Hapa nimeona jambo la busara sana. Mkoa huu ni wa wafugaji, na mara nyingi mtoto anayeshika mkia darasani ndiye anayejua samadi kuliko watu wazima, kwa sababu jioni zake zote ziko zizini. Mwalimu hodari humkabidhi huyo ukaguzi wa samadi. Anayeongoza kwa Hisabati anapanga foleni kumwonyesha yeye kiganja chake, na akiambiwa bado, anarudi kuchekecha upya.

Maji ndiyo mtihani wenyewe. Mtoto akiagizwa kuja na dumu shuleni, lile dumu limetoka kwenye maji yaliyochotwa na mama yake au dada yake, pengine mbali. Mwalimu anayefundisha kutunza rasilimali huku akiwanyang'anya akina mama maji yao anajipinga mwenyewe, na watoto wanaona. Kwa hiyo maji ya kunawia mikono yanakingwa kwenye beseni. Chupa tupu za maji zinazookotwa stendi zinatobolewa kizibo kwa sindano na kuchomekwa kichwa chini kando ya mche, zidondoshe tone baada ya tone. Chanja cha majani makavu kinapunguza jua. Miezi ya mwisho chanja kinaondolewa kidogo kidogo na umwagiliaji unapunguzwa ili miche izoee shida kabla ya kukutana nayo. Mizizi iliyopenya chini ya kiriba inakatwa. Watoto wadogo hawalipendi hili hata kidogo. Wanaona mche unaadhibiwa. Wakubwa waliokwisha kuona mche ulioachwa ukazamisha mizizi ardhini, ukang'olewa Januari na kufa, ndio wanaowaeleza.

Kuadhibiwa. Ngoja nikae hapo kidogo, maana wengi wetu tuliosoma shule za msingi nchi hii tunaikumbuka miti ya shule kwa viboko na ndoo. Umechelewa namba? Kamwagilie miti. Umeongea darasani? Kapalilie shamba la mwalimu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki hata katika kuamua lilimwe vipi na mapato yatumike vipi. Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, madarasa yakajaa, na katika shule nyingi ile sehemu ya kuamua ikapotea, likabaki jembe. Mtoto aliyemwagilia mti kama adhabu hatapanda mti kwake akiwa mtu mzima. Atapanda kwa sababu gani? Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwalimu wa kitalu, ambayo humgombanisha na mwalimu wa zamu takriban kila wiki, ni kwamba mkosaji haletwi kitaluni. Kitalu ni cha waliojiandikisha, na akikosea mtu adhabu yake ni kukaa nje akiwatazama wenzake wakifanya kazi.

Lakini fundi aliyekomaa huenda mbali kuliko kitalu. Viwanja vya shule zetu hufagiliwa kila asubuhi mpaka ardhi ing'ae, na nyasi hufyekwa kwa jina la usafi. Katika kufyeka huko machipukizi ya visiki vya miti ya asili hukatwa mwaka baada ya mwaka. Visiki hivyo viko hai. Mizizi yake imekwisha kushuka chini kwenye unyevu ambao mche wa kiriba utauchimbia kwa miaka, na haihitaji dumu la mtu. Nchini Niger, kuanzia miaka ya 1980, Mwaustralia Tony Rinaudo alifanya kazi na wakulima waliofufua visiki mashambani mwao, na miti ikarudi kwenye mamilioni ya hekta. Dodoma mbinu hiyo imeenezwa na shirika la LEAD Foundation kwa jina la Kisiki Hai. Namna yake ni nyepesi: chagua machipukizi machache yenye nguvu na yaliyonyooka, ondoa mengine, pogoa matawi ya chini, funga kitambaa cha rangi, linda.

Kile kitambaa ndicho ninachokipenda. Watoto wa zamu ya usafi wakifika na mafyekeo yao wanakiona, wanapita pembeni. Hakuna tangazo mstarini, hakuna ukali. Baadaye mtoto anauliza mbona kule nyumbani tunafyeka yote, na jioni hiyo baba yake anaulizwa swali ambalo pengine hakulitarajia kutoka kwa mtoto wa Darasa la Nne. Nayo majani yanayofagiliwa hayachomwi tena, yanarundikwa mashinani kuhifadhi unyevu.

Na kuna daftari. Kila mti una namba, tarehe na kundi linaloutunza, na ukifa unaandikwa sababu: mbuzi, mchwa, ukame, mpira. Mwisho wa mwaka daftari linaingia kwenye kipindi cha Hisabati. Watoto wanatafuta asilimia ya vifo vyao wenyewe, na mbuzi mara nyingi anaongoza. Hapo ndipo wanapoamua wenyewe kukata miiba ya kuzungushia, au kutuma wajumbe kwa mwenye mbuzi. Darasa la Saba wanapoondoka wanakabidhi namba zao kwa wadogo zao, kwa maandishi. Mwalimu haondoi kurasa za aibu. Nimewahi kuona daftari ambalo mwaka wake wa kwanza karibu wote ni vifo, na ndilo lililokuwa linasomwa zaidi.

Siku ya Kupanda Miti Kitaifa huangukia tarehe 1 Aprili. Viongozi huja, picha hupigwa, miche hupandwa, mingine ikiwa bado na viriba vyake. Kwa Dodoma tarehe hiyo mvua zinaaga, na mche uliopandwa siku hiyo unaingia kiangazi ukiwa na wiki chache tu za unyevu. Mwalimu wa kitalu hupokea wageni kwa heshima zote, huwapa mti mmoja wa kupanda karibu na bomba, na klabu yake hutumia siku hiyo kuhesabu miti iliyopandwa Januari.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inaongeza elimu ya lazima kuwa miaka 10. Itakuwa miaka mingi ya kumshika mtoto, na hatujaamua tutamshikisha nini. Wewe uliye kwenye kamati ya shule, ukialikwa tena kwenye hafla ya kupanda miti, usiulize ni mingapi imepandwa leo. Omba daftari la miaka mitatu iliyopita. Kama lipo, mtafute mwalimu anayelitunza, na hakikisha anapewa vipindi kwenye ratiba na maji ya kitalu kabla hajahamishwa.