Kusadikika Ndani ya Hiace

Wapo miongoni mwetu wanaokaa Makanyagio na kufanya kazi mbali na mtaa. Mmoja anafundisha upande wa Sitalike, mwingine anafuata bidhaa kwa treni ya Kaliua na Tabora. Sehemu kubwa ya maisha yao ni kusubiri: hiace ijae, konda apange magunia, abiria wa mwisho afike, yule ambaye kila siku tunaambiwa yuko hapo tu. Katika saa hizo wachache hufungua kitabu, na wachache zaidi hufungua kitabu cha mambo yasiyokuwapo: nchi iliyo angani, majini, watu waliogeuzwa wanyama. Kuhusu msomaji huyo tumesikia swali katika jumuiya zetu. Mkristo anatafuta nini katika habari hizo? Wengine wanasema zinawafungulia pepo mlango.

Tungependa kulijibu kwa kuvisoma vitabu vyenyewe kabla ya kuvikataza. Tuchukue viwili vya Shaaban Robert, ambavyo wengi wetu tulikutana navyo shuleni tukaviacha hukohuko.

Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Karama anataka kuwafundisha wananchi elimu ya sheria. Waziri Majivuno anamshitaki mbele ya mfalme. Karama anapewa siku sita za kujitetea, naye anazitumia kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Walirudi na mema kwa ajili ya nchi yao, wakatupwa gerezani. Abiria aliyebanwa dirishani anajua kwamba hakuna nchi inayoelea angani. Lakini anamjua mtu aliyesema kweli kikaoni akatengwa. Kwa kuwa nchi hiyo haipo, msomaji hana wa kumtetea wala wa kumwogopa, na anaweza kulitazama tendo lenyewe.

Njia hiyo tumeikuta katika Biblia. Nathani hakuanza kwa kumtaja Uria. Alianza na maskini na mwana-kondoo wake, na Daudi akatoa hukumu kabla ya kujua kwamba anajihukumu mwenyewe. Katika Waamuzi 9 Yothamu anasimulia miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Miti ile inasema, na hakuna anayemwita Yothamu mwongo. Martin Luther naye, alipokuwa katika ngome ya Coburg mwaka 1530, katikati ya mashaka makubwa ya Matengenezo, alitenga muda wa kutafsiri hekaya za Esopo, ambamo mbwa na kondoo wanazungumza.

Hata hivyo wanaouliza swali hili wana jambo la kweli wanaloliogopa. Jina la mkoa wetu, uliotangazwa mwaka 2012, linatokana na Katabi, roho ambaye masimulizi ya Wabende yanasema anakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Kuyajua masimulizi hayo ni kuijua nchi tunayokaa. Kwenda kuweka sadaka chini ya mti ni jambo jingine, kwa maana hiyo ni ibada, na amri ya kwanza inatosha kutuongoza hapo. Basi tusimhesabu msomaji pamoja na mwenye kutambika.

Tena kuna habari za tatu, ambazo kanisa limezizoea mno. Ndani ya hiace ileile, kiti cha nyuma, mtu anaeleza jinsi bibi fulani anavyosafiri usiku kwa ungo. Ushahidi wake ni macho mekundu ya bibi huyo, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi. Abiria wanatikisa vichwa, na hakuna anayemkatiza. Katika mikoa yetu ya magharibi vikongwe wameuawa kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Mwenye Kusadikika mkononi anajua kwamba anasoma hekaya. Anayesimulia habari za ungo anataka aaminiwe, na jirani mwenye jina na nyumba ndiye atakayelipa. Katekisimu Ndogo inatufundisha kwamba amri ya nane inatudai tumtetee jirani na kumnenea mema. Tukitafuta mlango wa pepo, tuanzie kiti cha nyuma.

Hatusemi kwamba kitabu hicho hakina upungufu. Katika Kusadikika majina yanatoa hukumu mapema mno. Mtu akiitwa Majivuno, msomaji hana kazi tena ya kumchunguza. Na Karama hana doa hata moja. Sisi Walutheri tunakiri kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Msomaji akijizoeza kugawa watu hivyo, atashuka garini akijihesabu upande wa Karama, naye Majivuno siku zote atakuwa mtu mwingine.

Kwa hiyo tunakiona Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kuwa chakula bora zaidi. Majina ni yaleyale ya wazi: Adili, na ndugu zake Hasidi na Mwivu waliomtendea mabaya. Lakini ndugu hao wamegeuzwa manyani, na Adili ameamriwa na jini kuwapiga kila usiku. Anapiga, na kila pigo linamuumiza yeye pia, kwa kuwa bado ni ndugu zake. Anayesoma hayo hawezi kufurahia adhabu. Anajikuta akitamani wasamehewe, hata kabla hawajastahili. Shauku hiyo si Injili, lakini ni udongo uliolimwa.

C. S. Lewis aliujua udongo huo. Mwaka 1916, akiwa kijana asiyemwamini Mungu, alinunua katika kituo cha treni kitabu cha kubuni cha George MacDonald. Baadaye alishuhudia kwamba kitabu hicho kiliyatakasa mawazo yake miaka mingi kabla moyo wake haujakubali kuamini.

Kwa msomaji wetu wa Makanyagio tuna ombi moja. Mama mwenye mtoto mgongoni akipanda na kukosa nafasi, funga kitabu umpe kiti. Na mazungumzo yakifika kwa bibi mwenye macho mekundu, kifunge tena, useme kama Karama alivyosema mbele ya mfalme. Watakucheka, labda watakushuku na wewe. Bibi huyo hayumo garini kujitetea.