Sauti ya Mwanamuziki na Kalamu ya Mwandishi: Wasifu wa Siti binti Saad na Mazungumzo Yaliyofuata

Mazungumzo na wanamuziki yamekwisha kuwa utanzu katika Kiswahili, ingawa wahakiki hawajauhesabu miongoni mwa tanzu zao. Husikika redioni kila siku, huchapishwa magazetini, na watafiti wa historia huyatumia kama ushahidi. Linaloulizwa kwa nadra ni swali la kihakiki: katika maandishi yanayotokana na mazungumzo hayo, ni nani hasa anayesema? Swali hili lina uzito wa pekee kwa mwanamuziki anayejitegemea, yaani asiye na mwajiri, asiye mwanachama wa klabu yenye daftari na katibu, na ambaye kazi yake haikuwekwa katika maandishi. Kwa mtu wa namna hiyo, mazungumzo ndiyo jalada lake lote.

Mahali pa kuanzia ni Wasifu wa Siti binti Saad. Shaaban Robert alikutana na Siti mwishoni mwa uhai wake, naye Siti akafariki mwaka 1950. Kitabu kilitoka mwaka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na tangu hapo kimesomwa shuleni na vyuoni kama kielelezo cha wasifu katika Kiswahili. Sifa hiyo kinaistahili. Ujasiri wa mwandishi kumfanya mwanamke mwimbaji, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, mtoto wa watu wa daraja la chini kabisa katika Unguja ya wakati huo, kuwa mhusika wa kitabu kizima haupaswi kupunguzwa thamani. Waandishi wengi wa zama zake wangalimwona hafai hata ukurasa mmoja.

Hata hivyo, msomaji anayetafuta mazungumzo ndani ya kitabu hicho huyatafuta kwa tabu. Maswali ya mwandishi hayakuwekwa. Majibu yameyeyushwa ndani ya nathari ya Shaaban Robert mwenyewe, nathari yenye mizani, tashbihi na mawaidha, ile ile inayotambulika katika Maisha Yangu na katika Kusadikika. Siti wa kitabu ni mfano wa subira, bidii na heshima. Huenda alikuwa hivyo, lakini sifa hizo ni zile zile ambazo Shaaban Robert alizipenda kwa kila mtu, naye mhakiki ana haki ya kushuku pale mhojiwa anapofanana mno na mhoji wake. Tena kuna kinaya cha kilugha ambacho hakijajadiliwa vya kutosha. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Siti aliishi na kuimba Ng'ambo, katikati ya mji wa Kiunguja. Lakini alipoingia kitabuni, usemi wake ulisanifiwa na mwandishi wa Tanga hadi usisikike tena. Lugha iliyokopwa kwake na kwa majirani zake ilimrudia ikiwa imevaa joho la mtu mwingine.

Kilichopotea katika usanifishaji huo kinaonekana wazi kitabu hicho kinapowekwa kando ya utafiti wa Laura Fair, Pastimes and Politics, uliochapishwa mwaka 2001. Fair alizungumza na wazee wa Zanzibar waliozikumbuka nyimbo za kundi la Siti, akawauliza si maisha ya mwimbaji tu bali maana ya nyimbo zenyewe. Majibu yalimtoa Siti katika kiti cha mfano mwema na kumrudisha mtaani. Wimbo uhusuo Kijiti, kwa mfano, unatokana na mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka bara. Mshukiwa alitoroka, na waliotiwa kifungoni ni wanawake waliofika mahakamani kama mashahidi, kwa kosa la pombe. Hiyo ni tahakiki ya mahakama ya kikoloni iliyofanywa kwa udi na fidla. Kundi lililokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri lilijua kwamba wasikilizaji wake wangezielewa nyimbo za namna hiyo bila kufafanuliwa, na kwamba wengine wasingezielewa. Tofauti ya vitabu hivi viwili imetokana kwa sehemu kubwa na aina ya swali. Anayemwuliza mwanamuziki aliishije hupata maadili. Anayeuliza wimbo huu ulimhusu nani hupata historia.

Mazungumzo ya filamu yana kasoro ya upande wa pili. Katika As Old As My Tongue ya Andy Jones (2006), Bi Kidude anasikika kwa sauti na lafudhi yake, kwa vicheko na kwa ukali wake, na hilo peke yake ni hatua kubwa. Lakini jina lenyewe la filamu linaonyesha shauku ilipoelekezwa, nayo ni umri wake. Bi Kidude hakuwa na cheti cha kuzaliwa, akaupima umri wake kwa zama za rupia. Vyombo vya habari vya nje vilirudia habari hiyo kama kichekesho cha kupendeza. Kwa mtafiti wa lugha, ni mfumo kamili wa kuhesabu nyakati uliohitaji kufuatiliwa kwa maswali zaidi. Ufundi wake wa kuongoza unyago, ambao alikuwa mwalimu wake na uliomlisha zaidi ya majukwaa ya Ulaya, ulistahili muda mrefu zaidi kuliko sigara zake.

Katika nchi jirani suala la unukuzi ni zito zaidi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 na Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, alijenga jina lake Nairobi. Magazeti yanapochapa maneno ya wanamuziki kama hawa, desturi ni kuyanyoosha: batu huwa watu, bintu huwa vitu, na safari nzima ya mtu kutoka lugha moja ya kazi hadi nyingine hufutika kwa kalamu ya mhariri. Mhariri hufanya hivyo kwa nia ya kumheshimu mhojiwa. Matokeo yake ni kwamba wanamuziki wote wa ukanda huu huonekana kana kwamba wamesoma shule moja.

Katika suala la haki, gharama ya uzembe huu huhesabika kwa fedha. Mgogoro wa wimbo Malaika unajulikana: Fadhili William aliurekodi, wapo wanaomtaja Adam Salim kuwa mtunzi wake, na wasanii wa kimataifa akiwemo Miriam Makeba wakaueneza duniani. Hoja za pande zote zimetegemea kumbukumbu za mdomo zilizotolewa miaka mingi baada ya tukio, kwa waandishi ambao walitaka kisa zaidi kuliko ushahidi. Kenya ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, Tanzania Bara ya 1999, Uganda ya 2006; zote zinamtambua mtunzi, lakini hakuna hata moja inayoweza kumtambua mtunzi ambaye hakuulizwa mapema ni nani aliyeleta maneno, nani aliyeleta sauti, na nani aliyelipwa. Taasisi za utangazaji zinazofuta kanda zake ili kupata nafasi zinafuta pia madai ya mirabaha. Kwa kuwa Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, kanuni moja ya kikanda ya kuhifadhi sauti asilia pamoja na unukuzi usiosanifiwa inawezekana, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kesi moja.

Kielelezo cha kufuata kipo, ingawa kinatoka katika uchoraji. Katika miaka ya 1973 na 1974, Johannes Fabian alizungumza na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya historia ya Zaire aliyoichora katika picha 101. Kiswahili cha Katanga cha mazungumzo hayo kilinukuliwa kilivyosemwa, pamoja na maswali ya mhoji, na matini yake yakawekwa wazi kwa watafiti. Tshibumba hajulikani alipo tangu miaka ya 1980. Kiswahili chake bado kinasomeka, batu na bintu wake wakiwa mahali pao, na msomaji anaweza kuona pale alipokataa kukubaliana na mtu aliyekuwa akimhoji.