Sauti ya Coogler Juu ya Picha Yake

Huku Jomvu Kuu sauti ya mtu juu ya filamu si jambo geni. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda vya video, ambako DJ Afro alimsemea staringi, akamsemea adui, na kelele za mbio na ngumi akazitilia maneno. Watanzania walikuwa na Lufufu, Waganda VJ Jingo. Basi nilipoitia diski ya Black Panther, ile ya 2018, na kuchagua maelezo ya mwongozaji Ryan Coogler, masikio yalikuwa yameshazoea kazi hiyo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: msimulizi wa kibandani hutuingiza ndani ya hadithi, na mwongozaji hututoa nje kidogo tuone ilivyojengwa.

Maelezo ya namna hii hutengenezwa hivi: mwongozaji huketi studio, filamu ikachezwa mbele yake, naye akaizungumzia. Sauti yake hurekodiwa kando. Fundi huishusha sauti ya filamu anaposema na kuipandisha anaponyamaza. Picha ni ileile, njia za sauti ni mbili, ndiyo maana kitufe kimoja cha rimoti chatosha kuhama. Kazi hii ilianza 1984, mwanahistoria wa filamu Ronald Haver alipoizungumzia King Kong kwenye diski ya leza ya kampuni ya Criterion.

Coogler hakuketi peke yake. Alikaa na Hannah Beachler, mbunifu wa mandhari, na kwangu huo ndio uamuzi uliofanya maelezo haya yafae. Mwongozaji akiachwa peke yake aghalabu huishia kuwashukuru waigizaji. Beachler ni mtu wa misumari na mbao: ndiye aliyeikusanyia Wakanda, ufalme wa kubuni wa filamu hiyo, kitabu cha kurasa zaidi ya 500, ili kila ukuta uwe na sababu. Yale maporomoko wanakopigania ufalme yalijengwa Georgia, Marekani, kimo chake futi 36, na galoni 125,000 za maji zikazungushwa kwa pampu. Majabali yake yalifuata bonde la Oribi, Afrika Kusini. Kimo kilichobaki ni kazi ya kompyuta. Ukishajua hivyo, unaanza kuutafuta ule mstari ambapo jabali la seti linakoma na la kompyuta linaanza. Mimi sijauona bado.

Maelezo ya namna hii yana kasoro moja: maneno hubaki nyuma ya picha. Mtu huanza kisa mlangoni na kukimaliza watu wameshafika baharini. Msimulizi wa kibandani hana nafasi hiyo. Midomo ikifunguka lazima aseme, ikifungwa anyamaze, na sentensi ndefu ya Kiingereza ataibana iwe maneno matatu. Hapo DJ Afro amewashinda waongozaji wengi wa Hollywood, nami nasema hivi kwa moyo mmoja.

Dawa niliyoipata ni kuitazama sehemu moja mara tatu: bila maelezo, pamoja nayo, kisha bila tena. Nilianza na pale kasino ya Busan. Nje ni Korea Kusini kweli. Ndani ni seti ya orofa mbili. Vita vikianza, kamera yapanda na kushuka bila mkato unaoonekana. Vipande vimeungwa, na viungo vimefichwa ndani ya mwendo wa kamera wenyewe. Mara ya kwanza nilizifuata ngumi tu. Mara ya pili niliviwinda vile viungo, nikaona jinsi kila mpiganaji anavyomkabidhi mwenzake jicho la kamera, kama watu wanaopokezana ndoo kisimani.

Mara ya tatu mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akifanya hesabu zake mkekani, aliinua kichwa. Hakuwa amesikiliza neno hata moja.

"Ami, huyu nyeusi, huyu nyekundu, huyu kijani. Si bendera yetu hiyo?"

Mfalme T'Challa kavaa suti nyeusi, na wapiganaji wenzake wawili, Okoye gauni jekundu, Nakia la kijani. Coogler ameeleza kwamba alizikusudia rangi hizo: ni za umoja wa Waafrika, zilizopitishwa na chama cha Marcus Garvey mwaka 1920, na zimo kwenye bendera ya Kenya tangu 1963. Nilirudisha nyuma tena. Mtoto akasogea karibu na runinga, akaanza kufuata kwa kidole gauni jekundu lilikoelekea.