George, Cosmos na Shimo Jeusi: Kitabu Kilichoniteka Nangurukuru

Jamani, kitafuteni kitabu hiki! Kimenifikia hapa Nangurukuru, Kilwa, kwa basi la kutoka Dar, na tangu nikifungue hakijabanduka mkononi. Wauza korosho wanakimbilia madirisha ya mabasi ya Lindi na Mtwara, makondakta wanaita abiria wa Masoko, na mimi niko juu ya mgongo wa kometi, napita kando ya Zohali!

Kinaitwa George's Secret Key to the Universe, hadithi ya watoto iliyotoka mwaka 2007. Waandishi ni Lucy Hawking na baba yake, Stephen Hawking, yule yule mwanafizikia, wakishirikiana na Christophe Galfard aliyekuwa mwanafunzi wake. George analelewa na wazazi wanaoamini kwamba mashine zinaiangamiza dunia, kwa hiyo nyumbani kwao hakuna televisheni wala kompyuta. Siku moja nguruwe wake, Freddy, anabomoa uzio na kuingia kwa jirani. Watoto wa pwani yetu watashangaa kidogo kuona nguruwe anafugwa kama paka. Waacheni washangae, kwani kwa jirani huyo wanaishi Annie na baba yake Eric, mwanasayansi mwenye kompyuta inayoitwa Cosmos, na Cosmos akiamua, anafungua mlango pale pale ndani ya nyumba: ukivuka kizingiti, uko angani!

Kilichonipagawisha ni hiki: hatari kubwa za hadithi hii zinatoka kwenye sayansi yenyewe. Vitabu vingi vya aina hii humkimbiza mtoto msituni, kisha vikamsimamisha apewe somo, halafu mbio zikaendelea. Hapa somo ndilo linalomkimbiza. Kometi ni barafu na vumbi, na mvuto wake ni mdogo mno. George asipolielewa hilo, hana pa kushika. Adui wao, Dk. Reeper, hana haja ya bunduki. Anampa Eric anwani ya uongo ya sayari mpya, na Eric anakwenda kutumbukia kwenye shimo jeusi. Sikupata usingizi!

Lucy amewahi kueleza kitabu kilivyozaliwa: kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe, mtoto mmoja alimuuliza Hawking ingekuwaje kama angeanguka ndani ya shimo jeusi. Akajibiwa kwamba angegeuka tambi. Na hapa mtoto wa Kilwa anaanza akiwa mbele ya wenzake, kwa sababu nguvu ya kumgeuza mtu tambi ni ndugu wa nguvu inayofanya maji yajae na kupwa pale Kivinje. Mwezi unauvuta upande wa dunia ulio karibu nao kuliko upande wa pili, na tofauti hiyo ndiyo inayoinua bahari. Jua na mwezi vikivuta kwenye mstari mmoja, tunapata bamvua. Kwenye shimo jeusi, miguu iliyotangulia inavutwa kwa nguvu kuliko kichwa, basi mwili unarefuka, unarefuka, unakatika. Mwambie hivyo mtoto aliyekwisha kuona mtumbwi umekaa mchangani saa nne na unaelea saa kumi, uone macho yake!

Eric anaokolewa kwa wazo ambalo Hawking mwenyewe alilitoa mwaka 1974, kwamba shimo jeusi huvuja mnururisho kidogo kidogo. Cosmos anafupisha muda wa kuvuja huko, ambao kwa kweli ungepita umri wa ulimwengu wote, nami namsamehe. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, ilitangazwa Aprili 2019. Watoto wa leo wanaweza kuisoma hadithi huku picha iko kwenye simu!

Dosari zipo. Reeper ni mwovu tu, mwanzo hadi mwisho. Nakala yangu ni ya Kiingereza, kwa hiyo watoto wa darasa la nne nawasimulia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.

Lakini mabishano ya wazazi wa George na Eric, jamani! Sayansi inaua dunia au inaiokoa? Hilo si swali la mbali kwetu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotufuata, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha mapema, na setilaiti zilikuwa zikikitazama kutoka juu. Hata hivyo mafuriko yaliikata barabara ya Dar humu humu Kilwa, na mabasi yakakwama. Wasomeeni sura hizo watoto waliouona mkasa ule, muwasikie watakavyobishana.

Na bado kuna vitabu vitano vinavyofuata, hadi cha mwisho cha mwaka 2018, mwaka aliofariki Hawking. Cha pili nimeshamwagiza kondakta!