Zamu ya Rangi

Msukaji hodari wa mkeka hapimwi kwa wingi wa rangi. Tazama pale ukili unaposhonwa na mwenzake. Mistari ikikutana, kazi anaijua. Ikipishana hata kwa upana wa chane moja, jicho litanasa hapohapo.

Wachina wakikuta vitu vya kila namna husema wuhua bamen, maua matano na milango minane. Siku hizi msemo huo hutumiwa kwa bidhaa za dukani, vyakula, hata mbinu za matapeli. Inaelezwa kwamba asili yake ni majina ya mipango ya askari vitani. Katika Rulin Waishi, riwaya ya Wu Jingzi ya karne ya 18, waigizaji vijana wanaingia jukwaani mbio wakicheza mpango wa jina hilo. Wengine huuhusisha msemo na wachuma riziki wa barabarani: waganga wakapewa ua la mti wa jamaa ya msufi, wauza chai ua lao, wasimulizi mlango wao. Mimi nashika ile ya vita. Humo kila namna ina nafasi yake na zamu yake, na hiyo ndiyo kazi ya mkeka.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, nayo ina watu wa kila namna. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda ni wenyeji. Reli na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa vikaleta wengine. Mji wa Mikumi, katika wilaya hiyohiyo, umepata jina kutokana na mikumi, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi. Lakini mkeka wa rangi hutaka ukindu. Majani machanga hukaushwa, huchanwa, hutumbukizwa kwenye sufuria ya rangi inayochemka, kisha huanikwa. Chane hulowanishwa kidogo zisikatike. Chane ikifika ukingoni hukunjwa ikarudi. Ikikaribia kuisha, nyingine huchomekwa chini yake, kiungo kisionekane. Hesabu ya zamu za rangi haiandikwi popote. Msukaji anapiga soga, anamkemea mtoto, na zamu ya zambarau haimpiti.

Mkeka wa plastiki una maua tele na husafishika upesi. Sina ugomvi nao. Ila maua yake yalipangwa na mashine, isiyojua kusahau zamu. Basi ukimkuta mama wa mikeka sokoni Kilosa, au kando ya barabara kuu pale Mikumi, ugeuze mkeka, kagua mishono, halafu mlipe bei aliyotaja.