Vichuguu vya Angani

Julai iliyopita nilikuwa Mugumu, nyumbani kwa kaka yangu. Binti yake yuko kidato cha tatu, na simu ya mama yake ameijaza picha za anga kuliko za ndugu. Anayoipenda kuliko zote ni ile maarufu, Nguzo za Uumbaji. Nikamuuliza anaona nini pale. Hakusita: "Shangazi, si vichuguu hivi!"

Jibu hilo limenikaa kichwani. Picha yenyewe ni ya mwaka 1995, kazi ya Jeff Hester na Paul Scowen kwa darubini ya Hubble: mihimili mitatu ya gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru kama 6,500. Elizabeth Kessler, katika kitabu chake cha 2012, Picturing the Cosmos, anasema picha za Hubble zimerithi macho ya wachoraji wa karne ya 19 waliochora milima na magenge ya magharibi mwa Marekani, kina Thomas Moran. Hoja nzuri sana. Angani hakuna juu wala chini. Aliyeamua nguzo zisimame wima ni binadamu.

Lakini Kessler anamsoma mtazamaji aliyezizoea zile michoro za ukutani. Mtoto wa Serengeti amezoea vichuguu, na usomaji wake, kwa maoni yangu, unafika mbali zaidi. Kichuguu kilichohamwa na mchwa hulika kwa mvua kutoka juu, pakabaki pamesimama pale tu penye udongo mgumu. Nguzo zile nazo zinalika hivyo hivyo: mionzi mikali ya nyota changa, kubwa, inaila gesi, na penye msongamano ndipo panapobaki. Mchoro wa Moran hauwezi kukueleza hilo.

Ugomvi ulianza usiku. Tarime mjini taa zimeshakula nyota nyingi, ila Mugumu ukitoka nje kidogo tu giza lipo la kutosha. Tuliazima darubini ya mkononi kwa jirani anayeongoza watalii. Mwezi Julai eneo la nguzo hizo hupita karibu na utosi. Tulichokiona ni kaukungu keupe, kama mtu kapumulia kioo.

"Mbona haina rangi? Kumbe wanatudanganya!"

Nikwambie ukweli, msomaji, nilijiumauma. Mwanga ule wa hidrojeni kwa asili ni mwekundu. Wao wakaufanya kijani. Wa salfa, nao mwekundu, wakauacha mwekundu. Oksijeni ikapewa bluu. Sababu ipo: wangeacha zote kama zilivyo, hidrojeni na salfa zisingetofautishika. Hapo rangi inafanya kazi ya ramani, na ramani siyo uongo. Uongo unaingia pale picha inaposambazwa kwenye makundi ya WhatsApp bila neno hata moja la maelezo, na kwa Kiswahili maelezo hayo ni adimu. Yule mtoto alikaa siku nne hataki kutazama juu. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka 2022 darubini ya Webb iliipiga picha nguzo hizo upya, kwa mionzi ambayo jicho haliioni kabisa. Vumbi linapenyeka, nyota zimejaa ndani. Wanasayansi wamefaidi, mimi sijaipenda sana. Nguzo zimepoteza uzito. Halafu ile ya 1995 ina kona ya juu iliyokatwa kama ngazi, kwa sababu mojawapo ya vipande vinne vya kamera ilinasa eneo dogo zaidi. Kona ile nyeusi inakuambia kuna fundi alikuwa kazini. Naona ndiyo sehemu iliyo wazi kuliko zote katika picha nzima.

Kilichomrudisha ni Kilimia. Saa kumi na moja alfajiri, nikijiandaa kwenda stendi, nilimwamsha akione mashariki, kile kile ambacho wazee walikitumia kujua majira ya kulima. Kisha nikamwonyesha picha yake kwenye simu. Bluu ya picha ile ni bluu kweli: vumbi linaakisi mwanga wa nyota za moto sana. Alilinganisha, akatazama simu, akatazama juu, akaniomba darubini, akaikataa, akaanza kuhesabu kwa macho.

Mimi nilipata sita. Yeye anasema saba, na mpaka leo hataki kupunguza.